Kifurushi cha maandalizi ya mtihani wa utumishi wa umma: nimekitumia miezi minne, kitabu chukua, video achana nazo

Haya jamani, hili swali nimeulizwa mpaka nimechoka kujibu mmoja mmoja. Wale mnaojiandaa na mtihani wa kufuzu utumishi wa umma mnataka kujua kile kifurushi nilichonunua kina maana au nilipigwa. Jibu fupi ni kwamba nusu nilipigwa, nusu kimenitoa. Jibu refu ndo hili, tafuta mahali ukae.

Jina la kampuni silitaji, nina malalamiko nao na sitaki ugomvi, halafu hivi vifurushi vimefanana kama pacha, ukisoma hapa utaona na cha kwako kimo humuhumu. Ndani unapata kitabu kinene cha maswali na majibu kurasa mia nne na ushee, aplikesheni ya simu, video za mwalimu, moko sita (yaani mitihani ya majaribio) za kufanya kwa saa, na grupu la kuuliza maswali. Mi nilikitumia miezi minne nikijiandaa kufanya mtihani mara ya pili, maana mara ya kwanza nilienda na madesa ya kuokoteza huku na kule nikafeli kwa alama nne. Alama nne! Bora hata ningefeli kwa arobaini nikajua moja, lakini nne zinakukaa rohoni, kila ukilala unakumbuka swali moja ulilobadilisha jibu dakika za mwisho.

Kabla sijaanza kukichambua niseme kitu kuhusu mtihani wenyewe, maana wengi wananunua vitu visivyowahusu kwa sababu hawajui wanaenda kupambana na nini. Mtu anasikia "utumishi wa umma" anakimbilia kukariri vifungu vya katiba na majina ya viongozi. Vipo, sikatai, lakini sehemu kubwa ya mitihani ya aina hii karibu kila nchi ni vitu vya kawaida kabisa: lugha, hesabu za asilimia na uwiano, mfululizo wa namba, mantiki, kusoma habari na kuelewa, na maswali ya maadili ya kazi. Ukiwekewa swali mojamoja mezani huku unakunywa chai hakuna la kukushinda. Kisanga ni saa. Angalia Ufilipino, mtihani wao wa ngazi ya kitaalamu umekuwa na maswali 170 kwa dakika 190, gawanya mwenyewe uone, ni kama sekunde 67 kwa swali, na hapo unatakiwa ufikishe asilimia 80 ndo uhesabike umefaulu. India kwenye mchujo wa kwanza wa utumishi wao kuna karatasi ya uwezo wa kufikiri yenye maswali 80 kwa saa mbili, hapo una sekunde 90, unaona afadhali, ila ukikosea wanakukata theluthi ya alama za swali hilo. Kwa hiyo maandalizi yoyote ambayo hayakufundishi kukimbizana na saa ni hadithi tu, na hicho ndo kipimo nilichotumia kupima kila kitu ndani ya hiki kifurushi.

Tuanze na kitabu maana ndo kilichonibeba.

Sura ya kwanza ni historia, kumi na mbili tu za kurasa, na kwa mtihani haikusaidii chochote lakini niliisoma mara mbili kwa raha zangu. Wachina walikuwa na mitihani ya kuajiri maofisa wa dola kwa takriban miaka 1,300, ikaja kufutwa 1905, na watu walikuwa wanafungiwa kwenye vijumba vya mtihani siku kadhaa na wengine wanaingia na majibu yameandikwa kwa herufi za mchwa kwenye nguo za ndani. Yaani desa lina umri mkubwa kuliko tunavyodhani. Uingereza ripoti ya kutaka watu waajiriwe kwa mtihani ilitoka 1854. Marekani ndo kali zaidi, kazi za serikali zilikuwa zinagawiwa kwa kujuana, ukimpigia kampeni mshindi unategemea kiti, mwaka 1881 jamaa mmoja aliyekuwa anaona amedhulumiwa cheo akampiga risasi Rais Garfield, rais akafariki, na 1883 ikapitishwa sheria ya Pendleton iliyoweka mitihani kwa baadhi ya nafasi. Kila nikiulalamikia huu mtihani nakumbuka kwamba kabla yake ilikuwa ni mjomba wako ni nani.

Baada ya hapo ndo maswali yenyewe, na hapa kitabu kinastahili sifa kwa kitu kimoja ambacho vitabu vingi vya bei rahisi havina. Kila swali kinakueleza kwa nini jibu ni hilo, HALAFU kinakueleza kwa nini yale mengine matatu si jibu. Unaweza kuona ni kitu kidogo. Chukua swali hili la mantiki, mi ndo lilikuwa ugonjwa wangu: makarani wote ni watumishi, baadhi ya watumishi ni wazee, je ni lazima baadhi ya makarani wawe wazee? Mara ya kwanza nilisema ndiyo bila hata kupepesa jicho, si makarani wamo ndani ya watumishi, na wazee wamo ndani ya watumishi, basi wamekutana humo. Kitabu kikanichorea duara kubwa la watumishi, ndani yake duara dogo la makarani upande wa kushoto, na wazee wote wamejazana upande wa kulia hawagusani kabisa. Masharti yote mawili yametimia na hakuna karani hata mmoja mzee. Nikabaki namwangalia yule karani kijana wa kwenye mchoro kama ananicheka. Tangu siku hiyo swali la namna hiyo sifikirii kwa maneno, nachora viduara pembeni ya karatasi, sekunde ishirini limeisha.

Mfululizo wa namba nao wameuelezea vizuri. Kwenye madesa yangu ya zamani walikuwa wanakupa jibu tu, 2, 6, 12, 20, 30 inayofuata 42, basi, kafie mbele. Hapa wanakufundisha kuanza na tofauti, unaandika 4, 6, 8, 10, unaona inayofuata ni 12 kwa hiyo 42, na tofauti zikikataa kutulia angalia kama namba inajizidisha, mfano 3, 7, 15, 31, kila moja ni ya nyuma yake mara mbili ukiongeza moja, inayofuata 63. Ikigoma na hapo jaribu kuruka moja moja, inawezekana ni mifululizo miwili imesukwa pamoja. Wana mpangilio kabisa wa nini kianze nini kifuate, na kanuni yao ni kwamba ukishajaribu hizo tatu hujapata, ruka, usiolewe nalo. Hiyo "usiolewe nalo" ni maneno yangu, wao wameandika kistaarabu zaidi.

Maswali ya maadili ya kazini ni yale ya "mwananchi amekuletea zawadi baada ya kumhudumia, utafanya nini" au "umegundua mwenzako anasaini mahudhurio ya mtu ambaye hajafika". Wengi tunajibu kwa moyo, mmoja anataka kumfokea mwenzake mbele za watu, mwingine anaona ajifanye hajaona ili amani iwepo. Kitabu kinakuonyesha kwamba majibu yanayopewa alama karibu siku zote yako katikati, unafuata utaratibu, unampa taarifa anayehusika, hujifanyi shujaa na hunyamazi. Nilipoelewa hilo sehemu hii ikawa ndo ya kuokotea alama.

Sasa njoo ukurasa wa 112.

Swali lilikuwa hivi, bei ya bidhaa ilipandishwa kwa asilimia 20, baadaye ikashushwa kwa asilimia 20, je bei ya sasa ikoje ukilinganisha na ya mwanzo. A imebaki ileile, B imepungua kwa asilimia 4, C imeongezeka kwa asilimia 4, D imepungua kwa asilimia 2. Nikaweka B bila wasiwasi. Nikageuza nyuma, wameandika A. Na maelezo kabisa wameweka, eti ongezeko na punguzo vimelingana hivyo vinafutana. Aisee. Nikarudia, 100 ikipanda asilimia 20 inakuwa 120, sasa asilimia 20 ya 120 ni 24, toa, unabaki na 96. Imepungua nne. Nikarudia tena kwa 50, ikaja 48, bado ni asilimia nne ileile. Lakini kitabu ndo kimeandika, kina jalada gumu na picha ya mtu kavaa joho, mi nani? Siku mbili nzima nilikuwa najiona mjinga, nikahisi kuna kanuni ambayo shule walinificha. Nikapiga picha ukurasa nikatuma kwenye lile grupu lao, msimamizi akajibu baada ya saa kadhaa: "Zingatia jibu la kitabu." Nikamwandikia hesabu yote hatua kwa hatua. Akaweka kidole gumba. Kidole gumba!

Hapo ndo nilianza kukasirika na pia hapo ndo nilianza kusoma kweli, sijui kama mnanielewa. Kuanzia ukurasa huo sikuamini tena jibu la nyuma mpaka nilitengeneze mwenyewe, na mpaka namaliza kitabu nilikuwa nimekamata makosa saba, mengine ni ya uchapaji tu herufi B imekuwa D, lakini mawili ni ya hesabu kabisa. Kwa kitabu cha bei ile ni aibu. Mtu ambaye hesabu zinampiga chenga ataingia chumba cha mtihani na ule ujinga wa ukurasa wa 112 kichwani, na swali la asilimia juu ya asilimia ni katika yale wanaoyapenda sana watunzi. Kwa hili peke yake nimewakata nyota nzima.

Aplikesheni sasa. Wazo lake ni zuri, inakurudishia swali ulilokosa baada ya siku moja, halafu baada ya tatu, halafu wiki, na msingi wake unajulikana tangu 1885 yule Mjerumani Hermann Ebbinghaus alipojipima mwenyewe namna anavyosahau, akaona unachojifunza kinamwagika haraka mwanzoni na ukikirudia kwa kuachanisha siku kinakaa. Na kujiuliza maswali badala ya kusoma tu nako kuna ushahidi, mwaka 2006 Roediger na Karpicke walichukua wanafunzi wakawapa habari za kusoma, kundi moja likarudia kusoma, lingine likajipima kukumbuka, baada ya dakika tano waliorudia kusoma wakaongoza, baada ya wiki moja mambo yakageuka, waliojipima wakawaacha mbali. Hii ndo sababu ukimaliza kupiga msuli usiku unajiona umeiva halafu Jumamosi inayofuata kichwa cheupe.

Lakini wao wameuharibu huo uzuri. Maswali ni machache na majibu hayabadilishwi nafasi, kwa hiyo kufikia wiki ya tatu nilikuwa nalijua swali kwa sura yake, naona neno "mabomba mawili" tu kidole kimeshagusa C, hata kusoma sijasoma. Alama zikawa zinapanda, asilimia 94, vimulimuli na mlio wa kunipongeza, mi najiona jembe. Siku nikabadilisha namba mwenyewe kwenye karatasi, bomba moja linajaza tangi kwa saa 6, lingine kwa saa 3, yakifunguliwa pamoja saa ngapi, nikakaa nalitumbulia macho. Ni saa mbili, la kwanza linajaza sehemu moja ya sita kwa saa, la pili theluthi, jumla nusu. Rahisi! Ila kidole changu kilikuwa kinaijua C tu, C haikuwepo kwenye karatasi. Nikaifuta aplikesheni siku hiyohiyo, na hapo nikakutana na balaa lingine, kumbe kuifuta kwenye simu hakusitishi malipo, yanajirudia yenyewe kila mwezi mpaka uingie kwenye akaunti ukayasitishe, na hicho kitufe wamekificha utadhani ni siri ya jeshi.

Video sina mengi. Mwalimu anajua lakini anasoma slaidi, dakika arobaini kuelezea kitu ambacho kitabu kimemaliza kwa ukurasa. Kama hesabu umeziacha miaka mingi na unaogopa hata sehemu, zile video tano za kwanza zitakutoa woga. Zilizobaki lala tu.

Moko ndo roho ya kifurushi, na ningekuwa mimi ningeziuza peke yake nikaachana na mengine yote. Zinakuja kwenye karatasi, na karatasi ya kujibia ile ya kusiliba viduara kama ya mtihani wenyewe, maelekezo yaleyale, na wanakwambia weka saa, zima simu, usisimame. Ya kwanza niliifanya Jumapili asubuhi. Nilikuwa naenda vizuri, swali la 38 likanishinda nikaliruka kwenye kijitabu cha maswali, ila kwenye karatasi ya kujibia mkono haukuruka, jibu la 39 nikalisiliba kwenye 38, la 40 kwenye 39, nikatiririka hivyo kwa raha zangu mpaka nakaribia mwisho ndo nashangaa maswali yamebaki matatu na viduara vimebaki vinne. Ule ubaridi unaotoka shingoni kushuka mgongoni ndo niliusikia hapo. Nikaanza kufuta, ufutio ukapaka masizi karatasi nzima, muda ukaisha nimefuta nusu. Ile moko nilipata alama za kuzika. Lakini ilikuwa moko! Ingekuwa siku yenyewe ningekuwa naandika kitu kingine hapa, labda kitabu cha mashairi ya huzuni. Baada ya hapo nikawa na kamchezo kangu, kila baada ya maswali kumi nalinganisha namba ya swali na namba ya kiduara, na swali nikiliruka naweka kinukta kidogo pembeni ya namba yake kwenye karatasi ya kujibia ili mkono ukumbuke.

Moko zilinifundisha pia kupita mtihani mara tatu. Mzunguko wa kwanza unachuma yale mabivu tu, ukiona swali linataka zaidi ya dakika unaliacha hapohapo hata kama unajua kulifanya. Wa pili unarudi kwa yale unayoyajua ila yana hesabu ndefu. Wa tatu ndo ya kubahatisha. Na hapa kwenye kubahatisha kitabu chao kimesema "usibahatishe kamwe" jambo ambalo nalikataa kabisa, inategemea kanuni za mtihani wako, soma maelekezo. Kama hawakati alama kwa kukosea, kuacha kiduara wazi ni kutupa alama. Kama wanakata theluthi na majibu ni manne, piga hesabu: ukibahatisha upofu una nafasi moja kati ya nne ya kupata 1 na tatu kati ya nne za kupoteza theluthi, robo unayoipata na robo unayoipoteza zinakulana, unabaki sifuri, yaani hufaidiki huumii. Ila ukiweza kulifuta jibu moja tu ambalo una uhakika si lenyewe, yakabaki matatu, mizani inaegemea kwako, kwa wastani unapata sehemu moja ya tisa ya alama kila swali. Kidogo lakini kumbuka mi nilifeli kwa nne.

Kitu ambacho hakimo kwenye kifurushi na kilinisaidia kuliko aplikesheni na video zikiunganishwa ni daftari la makosa. La kawaida la shule. Kila swali nililokosa kwenye moko naliandika, halafu pembeni naandika nimelikosa kwa nini, na nilijiwekea sababu tatu tu, sijui, nimesoma haraka, au muda. Baada ya moko ya pili nikahesabu nikashika kichwa, zaidi ya nusu ilikuwa "nimesoma haraka". Swali limesema yote ni sahihi ISIPOKUWA, mi nimechagua lililo sahihi. Swali linasema "kwa mujibu wa habari uliyosoma", mi nimejibu kwa mujibu wa ninavyojua mimi maishani. Kumbe miezi yote nilikuwa najilaumu hesabu na mantiki na tatizo lilikuwa macho. Dawa yake ilikuwa ya kijinga kabisa, kupigia mstari neno la kukanusha kwa penseli kabla ya kuangalia majibu. Moko ya tatu nikapanda kwa alama kumi na moja bila kujifunza kitu chochote kipya.

Grupu la maswali mmeshaonja ile habari ya kidole gumba. Zaidi ya hapo limejaa watu wa "naombeni pasti pepa" na wengine wanaingia usiku wanadai pepa imevuja wanayo, tuma hela. Msiwape hela hao watu. Kwanza ni wezi, pili hata ingekuwa kweli ukikamatwa nayo hujafeli mtihani tu, umejifungia mlango wa kazi yenyewe unayoitafuta. Wasimamizi walikuwa wanachelewa mno kuwafukuza.

Halafu kuna lile tangazo lao kubwa la "usipofaulu tunakurudishia hela yako". Mi sikuhitaji, ila rafiki yangu tuliyenunua pamoja alikosa, akawaandikia, wakamwonyesha masharti kwa maandishi ya mchwa: uwe umeangalia video zote mpaka mwisho, umefanya moko zote ndani ya tarehe walizopanga wao, na umeingia kwenye aplikesheni kila siku. Kila siku! Aliruka siku nne alipokuwa mgonjwa. Hela haikurudi. Kwa hiyo ukiona hayo maneno kwenye jalada, yasome kama pambo.

Ratiba yangu ilikuwa ya kawaida, nasoma kwa muda wa saa moja na nusu kila alfajiri siku za kazi, wiki kumi za kwanza kitabu sura kwa sura, baadaye moko moja kila Jumapili na siku zinazofuata nachambua makosa yake, hapo uchambuzi unakula muda kuliko moko yenyewe na ndo inavyotakiwa. Wiki ya mwisho sikugusa kitu kipya. Siku ya mtihani nilienda na penseli tatu na ufutio mpya, wa zamani niliutupa kwa kisasi.

Nilifaulu, na alama zilizidi kiwango kwa kiasi cha kutosha kunifanya nilale. Ila tuambizane ukweli, kufaulu huu mtihani ni kuruhusiwa kupanga foleni, kazi bado. Unakuwa umefuzu, jina lako linaweza kuombea nafasi, halafu usaili unakusubiri na huko hakuna A, B, C, D. Kifurushi kilivyoandikwa utadhani ukipata cheti kesho yake unapewa meza na muhuri.

Nyota zangu ni tatu kati ya tano. Kama una nidhamu ya kukaa na kitabu peke yako tafuta kitabu na moko tu, hata vilivyotumika, toleo la nyuma linafaa maana asilimia na mantiki hazijabadilika, sehemu za sheria na maarifa ya jumla ndo uzitafutie mambo mapya. Kama wewe ni wa kusukumwa, kifurushi chote hakitakusukuma, mi nakwambia, ile milio ya aplikesheni unaizoea siku ya nne. Na kama pesa inabana, pasti pepa zinazotolewa na mamlaka yenyewe ya mtihani wako, saa ya ukutani na daftari la makosa vinakufikisha pazuri.

Kitabu changu nimempa mdogo wangu, naye anafanya mwakani. Majibu yangu niliyaweka kwa penseli kwa hiyo nilikaa jioni nzima nayafuta ukurasa kwa ukurasa ili aanze upya, na nimemwambia kuna makosa ya uchapaji humo ila sijamwambia yako wapi. Juzi kanipigia saa nne usiku, hata salamu hajatoa, "Kaka, hii ya ukurasa wa 112 mbona mi napata 96?"